Ile Mashine Nyekundu ya Njugu

Mwenye nyumba wetu pale Migori aliwahi kuniletea chifu kwa sababu ya mashine ya peremende. Wakati huo mashine za kamari za kutia sarafu zilikuwa zimejaa kila kichochoro, vijana wanamalizia nauli humo, na machifu wakawa wanazikusanya na kuzichoma hadharani. Basi mwenye nyumba alipochungulia dirishani kwangu akaona vyuma vimesimama sebuleni, kila kimoja na tundu lake la sarafu, hakuuliza. Chifu akaja na askari wawili. Nikatia sarafu kwenye ile ya bluu, nikazungusha kishikio, ikamtemea chifu peremende moja ya manjano kiganjani. Akaigeuzageuza. "Na pesa inarudia wapi?" akauliza. Nikamwambia, "Hairudi, chifu. Unakula peremende yako, unaenda zako." Akaitia mdomoni, akaondoka bado hajaridhika.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na karai la nguo kiunoni. "Baba watoto," akasema, "mashine zimepata sebule, sisi tumepata korido. Siku moja chifu ataniletea mimi hati ya kuhama."

Mimi ni fundi wa friji. Kazi yenyewe inanifaa kwa sababu haina kukaa. Leo uko mjini Migori kwa muuza maziwa, kesho umeitwa Muhuru Bay, keshokutwa uko Isebania mpakani na soda zote za mtu zimechemka. Nikikaa kitako muda mrefu mguu wangu huanza kucheza wenyewe. Mama yangu husema nilizaliwa nikitembea. Mke wangu husema ninahangaika kama kuku anayetaka kutaga, tena kuku mwenyewe hana kiota. Hilo la kiota alikuwa akilisema kwa makusudi, na nitalieleza.

Ile ya bluu ndiyo iliyonianzisha. Niliikuta kwenye kantini iliyokufa kule machimbo ya dhahabu, imelala kifudifudi kwenye vumbi, na mwenye kantini akanipa kama zawadi ili tu nimwondolee. Ile ndefu ya biskuti ilitoka kwenye jumba la sinema lililofungwa zamani. Nyingine niliivusha kutoka upande wa Tanzania nikiwa nimeikumbatia juu ya boda boda, na forodhani wakaniuliza kama ni mashine ya kusaga nyama. Watu hudhani kukusanya ni kuweka. Kwangu mimi kukusanya ni kutafuta. Mashine ikishafika nyumbani, nikaifungua, nikaitia mafuta, nikabadilisha springi, ikatema njugu zake vizuri, basi. Siku mbili haziishi nimeanza kuulizia nyingine.

Shida yake ni sarafu. Mashine hizi zilitengenezwa wakati wa senti kumi, ile ya shaba, kubwa, ambayo sisi Wajaluo tuliiita otonglo. Sarafu za siku hizi ukizitia zinaanguka ndani bila kugusa chochote, na kishikio hakizunguki. Kwa hiyo nina mkebe wa otonglo. Mgeni akija namwazima moja, anatia, anakula njugu, halafu nafungua mashine narudisha otonglo mkebeni. Mke wangu anasema hiyo ni biashara ya kichaa.

Sasa nieleze hilo la kiota. Kwetu ni bonde la Lambwe. Na kwetu nyumba haijengwi ovyo. Katika boma la baba, mtoto wa kwanza wa kiume hujenga kwanza, upande wake wa lango, na wa pili hufuata upande wa pili. Mdogo akimruka mkubwa anajiitia chira, laana ile inayokula watu polepole, na mtoto wako akikonda kila jirani atajua kwa nini amekonda. Cheka ukitaka. Mimi ni Mkristo, naimba kwaya sauti ya nne, na siwezi kumruka kaka yangu.

Na kaka yangu hakuwa amejenga. Aliondoka kijana kwenda Nairobi, anapaka rangi magari kule, mke wake alimwacha na hakuoa tena. Kilichotakiwa si jumba. Kibanda cha udongo cha mlango mmoja kinatosha, ila lazima awepo mwenyewe ashike nguzo ya kwanza kwa mkono wake. Kazi ya siku moja. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikimwomba siku moja tu, na yeye akisema, "Nitakuja, omera," yaani ndugu yangu. Krismasi nitakuja. Pasaka nitakuja. Mabati niliyonunua kwa ajili ya nyumba yangu yaliegemezwa nyuma ya jiko la mama mpaka kuku wakataga chini yake. Mke wangu na watoto wakawa wanahama nyumba moja ya kupanga hadi nyingine. Mimi mwenyewe nikienda kumwona mama, mtu mzima mwenye mvi, nilikuwa nalala kwa binamu yangu, maana mwana aliyeoa halali nyumbani mwa mama yake. Asubuhi binamu ananipa maji ya kunawa kama mgeni. Wanasema subira huvuta heri. Mimi najua ile nyingine, kwamba ngojangoja huumiza matumbo.

Mama naye alikuwa anazeeka. "Nitakufa boma langu halina kulia wala kushoto," alikuwa akisema, na kila akisema hivyo mimi ndiye niliyekuwa nikitazamwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Kilichonichoma zaidi ni hiki: msibani kaka alikuwa anakuja. Baba alipofariki alifika kabla hata mwili haujatolewa chumba cha maiti. Shangazi alipofariki alikuwa wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Alilala nje kando ya moto na wanaume wengine, akaimba, akala, na asubuhi baada ya mazishi kiti chake kilikuwa kitupu. Na msibani huwezi kumshika mtu umwambie ajenge. Boma likiwa na msiba hakuna anayesimamisha nguzo. Kwa hiyo tulikuwa tukimwona wakati ule tu ambao hakutufaa kitu. Nilimkasirikia, tena sana. Nilimwambia mke wangu kwamba kaka yangu ana njia moja tu ya kuja nyumbani, nayo inapita makaburini.

Jioni ile ya chifu nilimpigia simu kaka nikiwa na hasira zangu za kawaida. Nikaanza na salamu, nikataka kuingia kwenye habari ya nguzo, lakini sijui kwa nini nikamsimulia kwanza jinsi chifu alivyotemewa peremende. Kaka akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tukiwa watoto, akikatika pumzi. Alipotulia akauliza, "Na ile nyekundu ya Homa Bay umeipata?"

Ile nyekundu. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa akitubeba tukienda Homa Bay kuuza pamba, na karibu na gati palikuwa na duka lenye mashine nyekundu ya njugu mlangoni. Ilikuwa na mguu mrefu wa chuma na kichwa cha kioo cha mviringo, njugu zimejaa ndani. Baba alitoa otonglo moja kwa wote wawili. Kaka hakuridhika na moja. Alikuwa akiokota washa, vile viduara vya chuma vinavyokaa chini ya nati, anazisugua kwenye jiwe njia nzima mpaka zinafikia kipimo cha otonglo. Siku moja washa ikakwama. Mwenye duka akaichomoa kwa koleo, koleo likateleza likachora alama kwenye shaba ya mdomo wa mashine, mkwaruzo uliopinda kama ndoano ya samaki. Kisha akampiga kaka kofi. Kaka alikuwa ameshapata njugu zake. Tulipofika nyuma ya gari la pamba akanimiminia mimi kwanza, halafu yeye akala zilizobaki, na shavu lake bado jekundu.

"Sijaipata," nikamwambia kwenye simu.

"Ukiipata ile," akasema, "nitakuja kuiona."

Pengine alisema tu ili simu iishe vizuri. Mimi nikalishika neno lile kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe kuvuka mto. Tangu siku hiyo sikutafuta mashine nyingine. Nilienda Homa Bay nikakuta duka limekuwa la simu, kijana wa pale hajawahi hata kusikia habari ya mashine ya njugu. Nikamtafuta aliyekuwa bawabu wa mtaa ule, mzee sasa, akaniambia vitu vya duka vilinunuliwa na mtu wa boti, wa upande wa Mbita. Nikaenda Mbita. Nikaenda Rusinga. Niliuliza kwenye mabaa, kwenye maduka ya nyavu, kwa wauza vyuma kuukuu, na hapo kwa wauza vyuma moyo wangu ulikuwa ukidunda kila mara kwa sababu mizani yao haijui njugu wala utoto wa mtu. Hakuna kitu. Nikawa nakubali kazi za friji za upande wa ziwani hata zisizolipa, ili tu nipate kupitisha macho. Mke wangu alinitazama nikifunga mkoba akasema, "Wewe hutafuti mashine, unamtafuta mkubwa wako. Mashine haina namba ya simu, yeye anayo." Nikamwambia namba anayo na hapokei.

Kisha mama mmoja mwenye hoteli ya samaki pale Mbita, karibu na kivuko, akaniita. Friza yake ilikuwa imekufa. Niliingia na mkoba wangu, nikasimama. Kwenye kaunta, kando ya birika, palikuwa na mashine nyekundu, rangi imebabuka, na ndani ya kichwa chake cha kioo mayai ya kuchemsha yamepangwa mpaka juu. Nikapitisha kidole kwenye mdomo wa shaba. Mkwaruzo ulikuwepo, umepinda vilevile. Nilitaka kukaa, na mimi si mtu wa kukaa.

"Fundi," akasema yule mama, "umekuja kutazama friza au mayai?"

Hakutaka kuuza. Mayai yake yanaonekana vizuri mle, wateja wanayapenda, na kioo kinazuia nzi. Nilimweleza kila kitu: kaka, nguzo, mabati, kuku wanaotaga. Alinisikiliza huku akimenya vitunguu. Mwishoni akasema, "Friza ikigandisha samaki wangu, chukua. Isipogandisha, utabaki wewe hapo kwenye kaunta na mayai." Tukaelewana.

Kesho yake nilirudi na kompresa nyingine. Kazi ilikuwa bado katikati wakati pikapu moja ilipopita, dereva wa kutoka Kisii, anaelekea Lambwe kuchukua mahindi. Yule mama, nafikiri alikuwa ameshaona kwamba kazi naijua, akasema, "Ipakie sasa. Gari kama hili hulipati jioni." Akayahamishia mayai yake kwenye sufuria, akaenda ndani, akarudi na shuka jeupe la kitanda. Tukaifunga mashine ndani ya shuka, tukailaza nyuma ya pikapu. Mguu wake mrefu ukachomoza nje. Dereva akavunja matawi ya mti, akafunga moja nyuma na mengine mawili mbele, kama wanavyofanya mzigo ukichomoza. Mimi nikabaki na friza. "Ukifika njia panda ya Lambwe," nikamwambia, "uliza tu boma la fundi wa friji wa Migori. Kila mtu atakuonyesha." Nilisema kwa majivuno kidogo. Mama yangu sikumpigia simu. Nilitaka aione kwa macho, halafu tumpigie kaka pamoja.

Wewe uliyezaliwa huku kwetu umeshaona kosa. Pikapu yenye matawi mbele, nyuma kitu kirefu ndani ya shuka jeupe, dereva mgeni mwenye uso mzito anauliza njia ya boma la mtu. Huku hakuna anayeuliza swali la pili. Vijana wa boda boda pale stejini walivua kofia. Kisha wakawasha pikipiki zao na taa zao, wakatangulia mbele na wengine wakafuata nyuma, wanapiga honi mfululizo, kama wanavyomsindikiza marehemu yeyote anayerudi kwao. Dereva wa watu aliniambia baadaye kwamba alidhani ndiyo heshima wanayopewa wageni wa Lambwe. Sokoni wanawake walishika vichwa. Mmoja alijua boma letu, akauliza ni nani, akaambiwa ni yule fundi. Mlolongo ulipofika langoni mama alikuwa akipukuchua mahindi. Alisikia honi, akaona matawi, akaona shuka. Akapiga nduru iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto.

Ni mama mwenyewe aliyefunua shuka. Hakumruhusu mtu mwingine. Alikuta kioo. Lakini kati ya nduru ile na shuka lile, binamu yangu alikuwa ameshapiga simu zote za dunia.

Mimi nilikuwa nyuma ya friza. Simu ilikuwa kwenye koti, koti kwenye msumari, na hoteli imejaa kelele za watu wa mchana. Nilipomaliza, samaki wakaanza kushika barafu, nikanawa mikono, nikachukua koti, nikakuta nimepigiwa na kila mtu ninayemjua na wengine nisiowajua. Nikampigia mke wangu. Alipokea kabla haijaita mara mbili. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Nani ameshika simu ya mume wangu?"

"Ni mimi," nikasema.

Akakata. Nikapiga tena. Alilia kwanza, kisha akanitukana, na alinitukana kwa mpangilio mzuri hata nikajua amepona. Alikuwa amepita Rongo na watoto wote watatu, amevaa gauni jeusi la kuazima.

Nilifika nyumbani jua likielekea kushuka. Boma lilikuwa limejaa viti. Sufuria za kanisa zilikuwa motoni. Mashine yangu imesimamishwa katikati ya uwanja, na wazee wa kijiji wameizunguka kimya, kwa sababu walikuja kuomboleza na hawakujua waanze kuangalia wapi. Mama akanijia langoni. Akanishika uso kwa mikono miwili, akaupapasa wote. "Wuoda," akasema, mwanangu, kisha akanipiga ngumi kifuani, ngumi ya kweli.

Nilipopata pumzi nikauliza, "Kaka ameambiwa?"

"Ameambiwa umekufa."

"Na ameambiwa sijafa?"

Mama akatazama sufuria. "Ameshapanda gari," akasema.

Nikatoa simu. Mama akaichukua mkononi mwangu, akaifunga kwenye pindo la leso yake. Akageuka akawaambia wote, kwa sauti ya mtu aliyekuwa kiongozi wa wanawake kanisani tangu mimi nikinyonya, kwamba hakuna mtu wa kumpigia mwanawe mkubwa wala kupokea simu yake.

"Mama," nikasema, "mtu atalia usiku kucha ndani ya basi kwa sababu ya mashine ya njugu."

"Hata mimi nimelia, na mimi ni mzee. Mwache alie. Mwache afike."

Nilimgeukia mke wangu, aliyekuwa ameingia na mabegi, nikitegemea atanitetea. Akamtazama mama, akatazama mabati yale nyuma ya jiko. "Mwache afike," naye akasema. Hao wawili hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi. Mimi nilizunguka boma lile kama mwendawazimu. Jaribu siku moja kukaa kwenye matanga yako mwenyewe uone. Watu wananiletea chai na kuniambia pole, halafu wanakumbuka, wanacheka, na mimi siwezi kucheka kwa sababu namwona kaka dirishani mwa basi. Nilikuwa nimemkasirikia miaka mingi, na usiku ule nilimwonea huruma.

Alifika asubuhi. Tulisikia pikipiki, kisha tukamsikia yeye kabla hatujamwona. Huku kwetu mwanaume huingia msibani akikimbia na kulia kwa sauti, jina la marehemu mdomoni, na jina lilikuwa langu. Aliingia langoni mikono juu, begi linaruka mgongoni, amezeeka kuliko nilivyomweka kichwani. Mama alikuwa ameniambia nikae nyuma ya jiko. Sikuweza. Nilitoka nikamwendea moja kwa moja.

Akasimama. Alinitazama kuanzia kichwani, polepole, mpaka chini.

"Mguu unacheza," akasema.

Kisha akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akafunika uso kwa begi. Nilichuchumaa kando yake. Sikujua kama analia au anacheka, na nafikiri yeye pia hakujua. Mama alikuja akalivuta lile begi taratibu, akalifungua. Ndani mlikuwa na suti nyeusi, mpya, bado ina karatasi zake. Alikuwa ameninunulia nguo ya kunizika. Mama akaishika mabega, akanipima nayo kwa macho. Ilikuwa kipimo changu hasa, na mtu huyo hakuwa ameniona tangu mazishi ya shangazi. Mama akaikunja upya. "Itangoja," akasema, akaenda kuifungia sandukuni.

Kaka alipoinuka ndipo alipoiona. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akainama, akatafuta kwa kidole chini ya mdomo wa shaba mpaka akaupata ule mkwaruzo. Nilimpa otonglo moja. Akaitia, akazungusha, mashine ikakohoa kidogo, njugu zikaanguka kiganjani mwake. Binamu yangu alikuwa amezijaza jioni kwa mzaha. Kaka akanimiminia mimi kwanza.

Mama hakutupa nafasi ya kuharibu mambo kwa maneno. Alisimama mbele ya watu akasema kwamba wageni wamefika, chakula kiko motoni, na kwa neema ya Mungu humu bomani hakuna aliyekufa. "Kwa hiyo si msiba," akasema. "Na kama si msiba, nani ana panga?"

Watu walitazamana. Kisha wale vijana wa boda boda, walionisindikiza nikiwa maiti, wakaanza kucheka, na mmoja akasema, "Mama, tulikuja kuzika, wacha tujenge." Ikawa kazi. Miti ikakatwa, fito zikafungwa, wanawake walioleta sufuria za matanga wakakanyaga udongo. Mabati yalikuwa yangu; nilifukuza kuku mwenyewe. Kaka alishika nguzo ya kwanza kwa mikono yake miwili, upande wake wa lango, na mimi nikashindilia udongo kuizunguka, na nilishindilia kama mtu anayeogopa itatoroka. Kesho yake ingekuwa zamu yangu. Mke wangu alikuwa ameshavua gauni la kuazima, amesimama upande wa pili wa lango, anapima kwa hatua mahali pa jiko lake. Watoto walipanga foleni kwenye mashine nyekundu, wakipokezana otonglo ileile.

Jua lilipokuwa linazama kibanda kilikuwa kimesimama, kuta bado mbichi, mlango wa mbao za kuokoteza. Mama akaleta mkeka na kaa la moto. Akaviweka ndani, akaondoka. Kaka akabaki amesimama nje ya mlango, mikono imekauka udongo, haingii. Watu walikuwa wanakula. Mimi nami uchovu ulikuwa umenishinda, na hasira zangu zikarudi, maana hazijui wakati.

"Nilikuomba siku moja," nikamwambia. "Miaka yote, siku moja. Nikiwa hai hukuja. Nikifa, basi la kwanza. Kwa nini?"

Hakukasirika. Alikuwa akiutazama ule mkeka kupitia mlangoni.

"Omera," akasema, "msibani hakuna mtu anayekuuliza utalala wapi."

Nilimkumbuka kando ya moto kwenye mazishi ya baba, kati ya wanaume waliolala nje wote, hakuna aliyeona kwamba yeye hana nyumba. Nikayakumbuka na yale maji ya kunawa ya binamu yangu. Kaka alipangusa miguu yake kwenye nyasi, mmoja kisha mwingine, akainama, akaingia.